Gari lilipona mara tatu bila kutibiwa

Saa nane kasoro usiku, masika ikiwa imekolea, binti wa miaka saba aliamka akilia huku ameshika mapaja. Nyumba yao iko Kimara, Dar es Salaam, na kwa kelele za mvua juu ya bati mama yake nusura asimsikie. Hakuhitaji kumuuliza kitu. Binti ana selimundu. Mama alimpa maji, akampa dawa ya maumivu inayokaa kwenye kopo juu ya friji, akamfunika blanketi na kuanza kuangalia saa. Dakika 40 zilipopita bila nafuu, alimwamsha mumewe.

"Baba watoto, washa gari."

Gari liliwaka, likatoka getini likitetemeka kama lilivyozoea. Walipoingia Barabara ya Morogoro lilianza kukwama kwama, taa ya njano yenye picha ya injini ikawa inawaka na kuzima, na kabla ya kufika Ubungo lilikuwa halivuti tena. Baba alilisogeza pembeni. Walisimama mvuani karibu robo saa, mpaka dereva mmoja wa bajaji alipowahurumia. Mtoto alifika hospitali miguu imelowa, akalazwa siku nne.

Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi, upungufu wa maji mwilini, homa na uchovu vinaweza kuamsha maumivu au kuyazidisha. Maumivu ya usiku ule yalianzia nyumbani, hivyo hakuna aliyeweza kusema mvua ilichangia kiasi gani. Mama hakutaka hata kuifanya hesabu hiyo. Alichojua ni kwamba tangu Januari mumewe alikuwa ametumia Sh528,000 kulitengeneza gari hilo, na bado lilikuwa limewaacha barabarani na mtoto mgonjwa.

Gari lenyewe ni Toyota Ist ya mwaka 2004, silinda nne, ambalo kila gereji ya Dar inalijua. Tatizo lilianza familia iliporudi kutoka kijijini kwenye likizo ya mwisho wa mwaka. Walikwenda kwa basi, gari likabaki uani wiki tatu. Asubuhi ya kwanza ya shule liliwaka likitikisika hadi dashibodi.

Mafundi huita hali hiyo kumisi. Silinda moja haifanyi kazi, nyingine tatu zinaibeba. Ili silinda ifanye kazi inataka hewa na petroli kwa kipimo chake, mgandamizo wa kutosha, na cheche inayokuja kwa wakati. Kimoja kikikosekana, petroli hutoka na moshi bila kuungua vizuri. Ndiyo maana gari linalomisi hunuka petroli kwa nyuma, hula mafuta, na likiachwa hivyo huua kile kichujio cha moshi kilichomo kwenye bomba, ambacho bei yake huwaliza wengi. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, gari linaomba kupimwa. Ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, katika magari mengi maana yake ni kwamba kumisi kumefikia kiwango cha kukiharibu kichujio hicho, na dereva anatakiwa apunguze mwendo na asiendelee na safari ndefu. Wazazi wanaopeleka watoto shule kila asubuhi hawaambiwi hili vya kutosha.

Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi zote nne kwa Sh48,000. Gari likatulia siku tatu.

Gereji ya pili ilikuwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikatoa P0302, maana yake silinda ya pili inamisi. Fundi akapima kwa mita umeme unaofika kwenye nozeli ya silinda hiyo, akaona volti 12, akasema umeme upo, kwa hiyo ni koili. Na koili moja ikifa, alisema, zingine ziko njiani. Zikanunuliwa nne za mtumba Ilala, Sh60,000 kila moja. Gari likatulia wiki nzima.

Gereji ya tatu ilisafisha nozeli kwa Sh40,000, kisha ikabadilisha pampu ya mafuta kwa Sh130,000. Gari likatulia siku tano. Ukiongeza Sh70,000 za ufundi wa hapa na pale, ndiyo hiyo 528,000. Ada ya kaka mtu, Sh450,000, ililipwa kwa mkopo wa kikoba cha mama.

Katika hawa watatu hakuna aliyekuwa tapeli. Kila mmoja alilisikia gari likitulia kwa masikio yake, na mwenye gari akalisikia pia. Hata P0302 ilikuwa kweli tupu, ila namba ile hutaja nyumba yenye mgonjwa, haitaji ugonjwa.

Baada ya usiku wa mvua, gereji ya tatu ilikuja na jibu jipya: injini ifunguliwe, kazi ya kuanzia Sh1,200,000. Baba alianza kuzungumzia kuliuza gari kama lilivyo. Nyumbani kulikuwa na ule ukimya ambao watoto huusikia kuliko ugomvi. Siku ya tatu ya ukimya huo mama alisema kwamba safari hii gari atalipeleka yeye.

Mama huyo ana daftari. Tangu binti yake alipogundulika kuwa na selimundu akiwa na mwaka mmoja na nusu, huandika kila shambulio la maumivu: siku, saa, hali ya hewa, alikula nini, alikunywa maji kiasi gani, alicheza sana au hakucheza. Kliniki walimwambia afanye hivyo, na ni daftari hilo lililowahi kuonyesha kwamba maumivu mengi ya mtoto yalifuata siku za michezo shuleni, siku ambazo alikuwa hanywi maji kwa sababu choo cha shule kilikuwa mbali. Februari, kwa hasira zaidi kuliko kwa mpango, alianza kuandika habari za gari kwenye kurasa za mwisho za daftari hilohilo.

"Jumatatu asubuhi, tuta la shule, likaanza. Alhamisi, lami tupu, zima kabisa. Jumamosi baada ya kuoshwa, baya sana. Jumapili, barabara ya vumbi ya kanisani, baya."

Aliwahi kuyasema haya kwenye gereji ya tatu. Fundi alimsikiliza huku akimtazama mumewe.

Dada mmoja anayefanya naye kazi alimwelekeza kwa kijana mwenye gereji ndogo Tabata, nyuma ya kontena, chini ya mwarobaini. Kijana alisoma VETA, kisha akajiongezea mwenyewe. Mume naye alikwenda. Kijana aliwaamkia wote wawili, kisha akauliza, "Linamisi wakati gani?" Baba alianza kueleza. Mama akafungua daftari.

Kijana alisoma kurasa mbili akiwa amesimama. Akauliza kama linaanza injini ikiwa ya baridi au ya moto. Mama akasema haijalishi, linaanza likitikiswa. Na likilowa.

"Kupima ni elfu arobaini," kijana alisema. "Sitabadilisha kitu mpaka nijue."

"Elfu arobaini kupima tu?" Baba alishindwa kujizuia.

Wengi wangeuliza vilevile. Mtu hulipa Sh60,000 kwa koili ya mtumba bila kununa kwa sababu anaiona, anaishika, lakini akilipia jibu anajiona ameibiwa. Hospitali nako ni hivyohivyo. Kwa miaka mingi mtoto akichemka alipewa dawa ya malaria kwa kukisia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na leo kipimo cha tone la damu kidoleni kiko hadi kwenye zahanati. Bado wapo wazazi wanaokasirika kipimo kikisema hakuna malaria na mtoto akarudi nyumbani bila dawa ile. Homa ingeweza kushuka yenyewe siku ya pili, na sifa zingekwenda kwa kidonge ambacho hakikufanya lolote.

Kijana alitoa kompyuta ndogo na kiboksi kidogo chenye nyaya. Mama alipoona mstari ukikimbia kwenye kioo aliuliza, "Si kama ile ya moyo, ya hospitali?"

"Ni ndugu yake, mama."

Ni ndugu kweli. Kifaa kile kinaitwa osiloskopu, na kazi yake ni kuchora umeme unavyopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda. Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza mwaka 1897 bomba la kioo lililozaa vifaa hivi. Mholanzi Willem Einthoven alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya kuchora umeme wa moyo kwa kifaa cha aina nyingine. Tofauti ni ukubwa wa kinachochorwa. Umeme wa moyo ukipimwa juu ya ngozi ni kama elfu moja ya volti moja, wakati koili ya gari huipelekea plagi maelfu ya volti.

Kwa nini mita ya kawaida haitoshi? Injini ikiwa imewashwa bila kukanyagwa mafuta huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila silinda inapata zamu yake mara moja katika mizunguko miwili, yaani karibu mara sita kwa sekunde. Kila zamu nozeli hufunguka kwa elfu mbili au tatu za sekunde tu. Mita haiwezi kuonyesha jambo linalokuja na kuondoka haraka hivyo. Osiloskopu inaweza, tena inalishika na kuliweka kioo kizima mpaka ulitazame kwa raha zako.

Alianza na kile kilichokuwa kinatishia Sh1,200,000. Alichomoa fyuzi ili injini isiwake, akabana koleo la kupimia umeme kwenye waya mnene wa betri, akamwomba baba apige stata. Kila pistoni inapopanda kugandamiza hewa, stata hupata kazi ngumu na huvuta umeme zaidi. Pistoni ikivuka, hupumua. Kwenye kioo hiyo huonekana kama vilima. Silinda yenye valvu mbovu au ringi zilizokwisha hutoa kilima kifupi. Zoezi zima lilichukua kama sekunde kumi. Vilima vilikuwa sawa, vyote, vimepangana kama mabati ya nyumba.

"Injini hii haifunguliwi," kijana alisema. Mama alikaa kwenye stuli.

Akahamia kwenye koili. Koili nzima huvuta umeme taratibu, mstari unapanda kama mlima wenye mteremko mmoja, kisha unakatika ghafla cheche inaporuka. Zote nne zilichora mlima uleule. Mama akasema zile za zamani anazo. Alizihifadhi kwenye kiroba, kwa sababu gari lilikuja nazo na hakuona sababu ya kumwachia fundi. Kijana alifunga moja ya zile za zamani, ile iliyodaiwa kufa. Ikachora mlima kama wenzake, na injini ikawa vilevile.

Baba alikuwa amekaa juu ya tairi. Hakusema kitu. Sh240,000 zilikuwa kwenye kiroba.

Zikabaki nozeli. Nozeli ina waya mbili: mmoja unaleta umeme kutoka kwenye betri, wa pili unakwenda kwenye kontrol boksi, ambayo ndiyo hufunga na kufungua njia. Kijana aliingiza pini nyembamba nyuma ya soketi, upande wa kontrol boksi, akiwa amefunga kipunguza volti ili asiunguze kifaa chake. Kwenye silinda ya kwanza mchoro ulikuwa safi: mstari uko juu kwenye volti 14, unaanguka hadi karibu na sifuri nozeli inapofunguka, kisha inapofungwa unaruka juu kama mnara, volti 60 na zaidi, na kurudi mahali pake. Mnara huo unatokana na sumaku ya nozeli inayozimika ghafla, na urefu wake unaeleza ni umeme kiasi gani ulikuwa ukipita. Silinda ya tatu hivyohivyo. Ya nne hivyohivyo.

Ya pili ilikuwa na mnara mfupi. Safari nyingine mfupi sana. Kijana akashika fungu la waya lililo ndani ya bomba jeusi la plastiki, akalitikisa kidogo. Mstari ukalala chini kabisa, injini ikaanza kuruka ruka. Akalisukuma upande wa pili. Mstari ukasimama, injini ikatulia tuli.

"Tuta la shule," mama alisema.

Alipopasua plastiki ile waliona wote. Waya wa kuleta umeme ulikuwa umeguguniwa, nyuzi zake za shaba karibu zote zimekatika, zimebaki mbili tatu, tena zenye kutu ya kijani. Pembeni, juu ya chuma cha injini, kulikuwa na maganda ya karanga. Kaka mtu, ambaye alikuwa anachungulia kutoka kiti cha nyuma, alirudisha kichwa ndani haraka. Panya alipata wiki tatu za utulivu, chakula kwenye siti na kitanda kwenye injini.

Hapo ndipo miezi minne ilipojieleza. Mita ya gereji ya pili ilisoma volti 12 kwa sababu soketi ilikuwa imechomolewa, hakuna umeme uliokuwa ukitembea. Ni kama bomba la maji lililobanwa: koki ikiwa imefungwa, presha unaikuta yote, ukifungua yanatoka matone. Nyuzi mbili zinatosha kumridhisha mwenye mita, hazitoshi kufungua nozeli vizuri. Na kila fundi aliyebadilisha kitu, awe wa plagi, wa koili au wa nozeli, alilazimika kulisogeza fungu lile la waya. Lilipotua vizuri, nyuzi ziligusana na gari likapona. Tuta moja au ndoo moja ya maji, likaugua tena. Mara tatu lilipona bila kutibiwa, na mara tatu pesa ililipwa kwa kitu kisichohusika.

Kijana alikata kipande kibovu, akaunga waya mpya kwa risasi, akauvisha mpira unaobana kwa joto na kufunga upya. Sh15,000. Akapima tena mbele yao. Minara minne ikasimama sawa. Akapiga picha mchoro wa kwanza na wa mwisho, akamtumia mama kwa WhatsApp. Kisha akamwambia kaka mtu, kwa heshima zote, kwamba karanga zinaliwa nyumbani, na akamwambia baba kwamba gari likikaa muda bila kutumika afungue boneti aangalie kabla ya kuwasha.

Njiani kurudi walipita makusudi barabara ya vumbi. Baba aliendesha taratibu juu ya kila shimo, akisikiliza.

"Uliniambia tangu Februari," alisema walipofika karibu na nyumbani.

"Nilikwambia."

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kliniki. Waliondoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mvua ikinyesha, binti akiwa amelala nyuma na chupa yake ya maji kwapani. Foleni ya Ubungo ilikuwa ndefu na injini ilikaa ikiwaka bila kutetemeka. Walipotoka kwa daktari, mama alikaa kwenye benchi la nje akafungua daftari lake. Ukurasa wa mwisho aliandika: "Silinda ya pili, waya, panya. 55,000 jumla." Akafunua nyuma hadi kwenye ukurasa wa binti, akaandika tarehe na chini yake: "Damu 7.9. Hakuna maumivu siku 19."